Mtu wa Juu

Floarea alipokuwa juu ya lundo la nyasi, akizunguka mti uliosimikwa katikati yake na kuzikanyaga nyasi zishikamane, alikuwa na ruhusa ya kusema lolote. Ndivyo ilivyokuwa kwa wake wote wa bonde la mto Iza. Mume alibaki chini na uma wake mrefu, akirusha nyasi juu, vumbi limemjaa puani, na hakutakiwa kujibu. Mke akishateremka, maneno yale hayakurudiwa mezani. Gavril, mume wa Floarea, aliyapokea hivyo tangu ujana wake: kwamba mama yake alikuwa akiizidishia chumvi supu ya mkamwana kwa makusudi, kwamba yeye mwenyewe alikuwa bahili wa maneno kuliko wa fedha, na, kiangazi kimoja, kwamba hajawahi kulitaja jina la mtoto wao Irina tangu walipomzika. Siku ile Gavril aliendelea kurusha nyasi. Alijiambia kuwa hana la kufanya, desturi ni hiyo, na moyoni akashukuru kwamba ni hiyo.

Sasa goti la Floarea lilikuwa limekataa ngazi. Mwaka uliopita Gavril alijaribu kurusha na kukanyaga peke yake. Lundo likainama upande, mvua ikaingia katikati, na nyasi nyingi zikaoza. Floarea akakata shauri wakiwa wanakula ugali na jibini: kabla nyasi hazijakatwa tena, ama mashine ya kufunga nyasi marobota iwe uani, ama ng'ombe wauzwe. Gavril hakuwahi kuamka katika nyumba isiyo na ng'ombe. Akavaa kofia yake ya kanisani, akapakia kwenye tela nyasi zilizosalimika, maana hakuna mtu wa bondeni anayejaribu mashine kwa nyasi za muuzaji, wakaenda kwa Toader, aliyekuwa akiuza mashine zilizotumika.

Toader alikuwa ameshawachagulia. "Mama, tazama hii," alisema, akipiga kofi ubavu wa mashine kubwa nyekundu. "Inaviringisha nyasi zinakuwa robota moja kubwa la mviringo, inalivika wavu, trekta inalibeba. Wewe unakaa kivulini na kahawa yako. Mzee naye anaota kitambi."

"Hiyo hiyo," alisema Floarea. "Tusizunguke."

Lakini Gavril alikuwa ameshafika kwenye kona ya uwanja, zilikokaa mashine ndogo za kizamani, zile zinazotoa marobota ya pembe nne. Toader akaguna, akaiunganisha ya kwanza na trekta yake. Ikapiga nyasi teke baada ya teke, robota likatoka, na kabla halijagusa chini likafumuka. Ya pili ilikuwa ya kijani iliyopauka. Vidole vyake vya chuma vilizishika kamba zote mbili za katani na kuzifunga kwa haraka ambayo macho ya Gavril hayakuweza kuifuata. Aliyavuta mafundo kwa nguvu. Hayakuteleza.

"Legeza hapa," alimwambia Toader, akionyesha springi zinazolibana robota.

"Nilegeze? Mzee, wenzako wote wananiambia nikaze. Marobota mepesi watakucheka mpaka kanisani."

"Wacheke. Legeza."

Robota jingine likatoka, jepesi. Gavril akamwita mkewe kwa kichwa. "Hebu libebe."

Floarea akaliinua hadi kiunoni, akalitua. "Haya, nimelibeba. Goti langu limeisha, na wewe unanitafutia kazi? Mpaka lini, mzee?"

Toader akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake. Gavril akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Ile kubwa haihitaji mtu juu," alisema.

"Si ndiyo uzuri wake," alisema Floarea.

"Hii inahitaji. Mimi nitakuwa nakupa, wewe unapanga kwenye tela. Tela lenyewe si refu kwenda juu, nitakutengenezea ngazi ya vidaraja viwili." Alikuwa anaogopa, na kwa umri ule aliona haya kuogopa. "Nyumbani hatusemi kitu, Floarea. Usipokuwa juu, nani ataniambia?"

Floarea aliitazama ile mashine ya kijani. Kisha akakung'uta makapi kwenye aproni yake.

"Ngazi iwe na mahali pa kushika," alisema. "Na wewe Toader, tuwekee kamba za kutosha. Usijifanye husikii."

Kiangazi kile nyasi zilikauka vizuri. Marobota yalilala shambani kwa mistari, na majirani waliopita barabarani waliyapima kwa macho wakacheka, kama Toader alivyosema. Trekta ya Gavril ilikuwa na betri mbovu. Ikizimwa haiwaki mpaka isukumwe iteremke mlima, kwa hiyo tangu asubuhi ilikuwa ikinguruma mbele ya tela. Mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma ya msitu. Gavril alikuwa akibeba haraka haraka, na Floarea, kilemba kimemshuka hadi kwenye nyusi, akipokea na kupanga.

Alipoinua robota jingine aliona midomo ya mkewe ikicheza. Alisikia jina lake, kisha mngurumo, kisha jina jingine, kisha mngurumo tena. Floarea hakuwa akimtazama. Alikuwa akisema huku akipanga, kama zamani.

Gavril alisimama na robota gotini. Akayaangalia mawingu. Akalitua robota, akaenda kwenye trekta, akaizima.

Panzi wakasikika shamba zima.

"Umezima?" aliuliza Floarea. "Na mvua ile? Nani ataisukuma?"

"Tutaisukuma." Alirudi, akasimama chini, kando ya tela, mikono mitupu. "Ulikuwa unasema kuhusu Irina."

Floarea akakaa juu ya robota, akalinyoosha goti lake, akaanza tena tangu mwanzo.