Kijiko cha Shemeji

Fundi aliuona mchirizi wa oili kabla hajakifikia kijiko, ile mashine ya kuchimbia mtaro. Akasimama, akamwomba Mungu ampe subira, maana ulimi wake aliujua. Sili ya kwanza, ule mpira wa kuzuia oili kwenye silinda ya kijiko, haikumaliza wiki. Ya pili haikumaliza siku mbili. Zote alizifunga kwa mikono yake.

“Fundi gani wewe, shemeji?” alisema kaka wa mkewe, mwenye kijiko, na ndiye dereva wake pia. “Unaziba, kinavuja. Unaziba, kinavuja. Au hizo sili unatengeneza kwa ubuyu?”

“Nyamaza unipe spana.”

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni. Mtaro wa kukinga maji ya kilimani ulikuwa umeishia katikati, na msimu uliopita maji yaliingia jikoni mpaka sufuria zikaelea. Leo wingu lilikuwa limekunja uso tangu asubuhi.

“Wanangu, mvua haisubiri mabishano,” alisema.

Fundi akatandaza turubai safi, akafungua silinda, akachomoa sili. Ilikuwa imechanika vilevile kama ya kwanza. Amekosea wapi? Akafunga mpya, ya mwisho aliyokuwa nayo, akinong’ona sala kwa kila boliti. Wakawasha. Kijiko kikainua mkono, kikashusha, hata tone halikuvuja. Moyo ukamtulia, akaenda kunawa.

Aliporudi alimkuta shemeji amepiga magoti mbele ya shafti, kile chuma kinachoingia na kutoka ndani ya silinda, akiisugua kwa msasa taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

“Unafanya nini?”

“Naisafisha. Kila asubuhi naisafisha. Ulidhani inajing’arisha yenyewe? Leo nimepata msasa mkali zaidi, tope lote limetoka.”

Fundi akapitisha ukucha juu ya chuma. Ukakwama.

“Shemeji, umeitia meno! Kila ikiingia ndani inaikereza sili kama msumeno!”

“Acha kunitisha.” Dereva akapanda, akawasha, akavuta mkono. Oili ikaruka, ikamlowesha fundi kifuani.

Kisha dereva akasema kwa sauti ndogo, “Sasa mbona hukuniambia?”

“Nikuambie nini? Usipige msasa shafti? Basi nikuambie na usinywe oili!”

Radi ikapiga. Hapakuwa na shafti mpya wala sili, na mama mkwe alishatoka na majembe mawili. Moja akampa mwanawe. La pili akamnyooshea fundi.

“Mama, lakini aliyeharibu…”

“Najua aliyeharibu. Nimemzaa mimi. Chimba, baba.”

Wakachimba, mmoja akitukana udongo, mwingine akimwomba Mungu msamaha kwa aliyokuwa akiyawaza juu ya shemeji yake. Matone yakaanguka, mvua ikafunguka, wakaendelea ndani ya tope mpaka magotini. Maji yakateremka kwa kishindo, yakasita kwenye kona, yakaufuata mtaro, yakalipita jiko.

Mama mkwe akachungulia dirishani.

“Pale kwenye kona mmepinda,” akasema. “Nyoosheni.”