Folda Iliyorukwa

Mimi na kompyuta hatupendani, tunavumiliana tu. Studio ya picha niliyoachiwa na marehemu baba ina picha laki tatu, na namna ya kuzipata ni moja: ile amri aliyoiandika kwenye kikaratasi, akakibandika pembeni mwa skrini. Nimeichapa miaka kumi na moja kama kasuku.

Asubuhi moja mdogo wangu akaja, tumbo limetangulia, imebaki wiki ajifungue.

"Dada, naogopa," akasema. "Mama alifariki akinizaa, na hata sura yake siijui. Nitafutie picha moja tu."

"Si baba alisema zote ziliharibika?"

"Tafuta tena, dada, nakuomba."

Nikaichapa pamoja na jina la mama. Patupu! Kwa hasira nikaisoma ile amri neno kwa neno, mara ya kwanza tangu nirithi studio. Loo! Katikati baba alikuwa ameweka kipande cha kuiambia kompyuta: ukifika folda hii, iruke, usiingie kabisa. Mzee yule jamani! Miaka yote hiyo nimekuwa nikipekua nyumba nzima na chumba kimoja nakifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikakifuta kipande, nikabonyeza.

Zikatoka picha kumi na mbili. Zote za mdogo wangu, moja kwa kila siku yake ya kuzaliwa, zimepigwa hapa hapa studio wakati mimi niko shule ya bweni. Na katika kila picha, kando yake, amesimama mwanamke mwenye gauni la njano. Mtoto anakua, mwanamke hazeeki. Gauni lile tulimzika nalo mama, na mimi nilikuwepo.

Nikataka kuzifunga haraka, lakini mdogo wangu alishaona.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Mbona namjua? Alikuwa akinifunga kamba za viatu kabla ya picha. Baba hakumsemesha hata siku moja, nikadhani ni mfanyakazi wake."

"Alikuwa anakwambia nini?"

Akaanza kulia, mikono yote miwili tumboni.

"Kila mwaka aliniomba nimwite mama, mara moja tu. Nilipofika miaka kumi na mbili nikachoka naye, nikamwambia mama yangu alishakufa. Hakuja tena."