Mkono wa Saluni

Nilipomwambia Fausto kwamba kiti cha Persio ni changu, alicheka mpaka akaweka gitaa chini. Fausto ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu mkubwa, na ndiye mwenye bendi na mpiga solo wetu. Mimi miaka yote nilikuwa nyuma yake nikikwangua gwira, lile bati la vitundu linalokwanguliwa kwa uma wa chuma, na mji wetu wa Cotuí mzima hakuna aliyewahi kunishinda kwa gwira. Sijisifu. Nenda kaulize.

Persio, mpiga gitaa la rithim, alikuwa anahamia New York kwa kaka zake, na Fausto alikuwa ameshaanza kuzungumza na fundi mmoja wa gitaa wa mji wa La Vega aje kushika nafasi yake. Nikamuuliza La Vega kuna nini ambacho hapa hakuna.

"Shemeji, wewe kazi yako kukwangua," akasema. "Rithim inabeba watu. Wewe utawakwangua hao watu."

"Nipe Jumapili moja."

Sasa, Fausto akiwa jukwaani hamsemi mtu. Anageuza shingo. Ukiteleza hata kidogo, ile shingo yenye mkufu wa dhahabu inageuka polepole, jicho moja linakutazama juu ya bega, na hapo ujue umeshaharibu. Tukakubaliana hivi: Jumapili ya mwisho kabla Persio hajasafiri, pale kwenye kuosha magari karibu na daraja tunakopigia watu bachata, muziki wetu wa kucheza wawili wawili, kila wiki, rithim nitapiga mimi. Shingo ikigeuka, kiti kinakwenda La Vega. Akaahidi kwamba isipogeuka, kiti ni changu na hatanisumbua tena.

Kile kiti nilikitaka kwelikweli. Kwenye gwira unausikia wimbo kama mtu aliye jikoni anavyowasikia wageni sebuleni, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa jikoni.

Persio akakubali kunifundisha uani kwake jioni, nikishafunga saluni yangu ya nywele. Vidole vya kushoto havikunipa taabu, nyimbo zote zile nilikuwa nikizipapasa kwenye gitaa la nyumbani tangu usichana. Taabu ilikuwa mkono wa kulia. Kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi, sisi tunakiita ukucha, na mimi ukucha niliushika kama ninavyoushika uma wa gwira, kwa ngumi. Jioni ya kwanza nikakata uzi. Ya pili nikakata mwingine.

"Dada Dilcia," Persio akaniuliza taratibu, "hizi nyuzi zimekukosea nini?"

Akaninyang'anya ukucha wake mgumu, akachukua mkasi, akanikatia mwingine kutoka kwenye chupa ya klorini iliyokwisha. Ulikuwa mlaini, na ukiupiga kwa nguvu unapwaya na kulia pla, pla, kila mtu asikie umekosea. Akanionyesha nibakize ncha tu nje ya vidole, kiwiko kilale juu ya gitaa, kifundo cha mkono ndicho kifanye kazi. Ukishuka, chukua nyuzi nene. Ukipanda, zile nyembamba zipitie juu juu. Na mkono usisimame kamwe, hata pale wimbo unaponyamaza, uendelee kupita hewani ili ukirudi kwenye nyuzi ukute mahali pako panakungoja. Hilo la mwisho nilikuwa nalo tayari kwa sababu ya gwira, nikamwambia, naye akakiri kwamba hapo hana la kunifundisha.

Lakini pla, pla haikuisha. Nikazidi kukaza, nayo ikazidi kunicheka. Mwishowe Persio akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Tatizo lako unataka usikike," akasema. "Rithim ikisikika, imeharibika. Watu wacheze wasijue ni nani anayewachezesha."

Nilikasirika. Mimi sikuzaliwa ili nisisikike, muulize mama yangu. Nikautia ukucha mfukoni nikaondoka bila kuaga, na njia nzima nilikuwa nikimjibu Persio kwa sauti, watu wakinitazama.

Ijumaa Nurys akaja saluni. Nurys ni mke wa Persio, na kichwa chake hakitaki kuguswa. Saluni zote za mtaani ameshagombana nazo, hapa wamemvuta, pale wamemchoma. Kwangu hulala. Nikamtoa rola, nikashika mashine ya kukaushia na ile brashi ya mviringo, nikaanza kunyoosha kutoka kisogoni, na kabla sijafika sikioni alikuwa anakoroma. Alipoamka upande mmoja ulikuwa tayari unang'aa.

"Umeshafika huku?" akasema kwa usingizi. "Dilcia, mkono wako siusikii kabisa."

Nikasimama. Nikautazama mkono wangu. Mpini wa brashi ulikuwa umelala vidoleni, haukubanwa na wala haukuwa wa kudondoka, na kifundo kilikuwa kinageuka chenyewe bila mimi kukituma. Nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa mtoto wa shule na sijawahi hata siku moja kufikiria nashikaje brashi. Huyu mwanamke alikuwa ananisifu, na alinisifu kwa neno lile lile ambalo mumewe alikuwa amenikera nalo.

Nikaweka brashi, nikatoa ukucha kwenye mfuko wa aproni, nikaanza kuchapa hewani juu ya kichwa chake, chini na juu, chini na juu. Nurys akaniuliza kwenye kioo nimepatwa na nini. Nikamwambia atulie, niko kazini.

Jioni ile nikarudi uani kwa Persio na gitaa. Sikumwomba radhi, nilianza kupiga tu. Pla, pla haikutokea. Persio akanisikiliza akiwa ameinama, kisha katikati ya wimbo akaanza kunihadithia habari za mbuzi wa jirani aliyekula nguo kwenye kamba. Nilikaribia kumtukana. Halafu nikaelewa kwamba amesahau kama napiga, na nikamwachia amalize habari za mbuzi.

Jumapili sakafu ya pale kwenye kuosha magari ilikuwa bado imelowa maji, viti vya plastiki vimesukumwa ukutani, bia zimelala kwenye barafu. Binamu yangu alishika gwira. Persio, kwa mara ya kwanza, alikuwa upande wa wachezaji, shati jeupe, pamoja na Nurys na zile nywele nilizomnyoosha. Fausto akaingia na solo, nasi tukaingia nyuma yake.

Sikumtazama mtu, niliitazama shingo. Wimbo wa kwanza ikakaa. Wa pili, kwenye ile sehemu ya mwisho ambapo solo inachachamaa na watu wanapiga kelele, nilisikia vidole vyangu vinaanza kukaza. Ule mkono wa zamani ulitaka sehemu yake. Nilikifikiria kichwa cha Nurys, kwamba kimelala mikononi mwangu na nikivuta kitaamka. Vidole vikalegea. Viuno vyote mbele yangu vikaendelea kwa mwendo mmoja, na hakuna jicho hata moja lililokuja upande wangu. Sijawahi kuona fahari kama ile.

Wimbo ukaisha. Fausto akakaza uzi wake mmoja, akainama kwenye kipaza sauti, akasema bila kugeuka, "Persio, anzisha kile kibao cha taratibu."

Persio alikuwa mbele yake, hatua chache tu, chupa mkononi, mkono mwingine kiunoni kwa mkewe. Wakatazamana. Nurys akaangua kicheko, na ile shingo ikaanza kugeuka.

"Usigeuke, shemeji," nikamwambia. "Tulikubaliana."

Ikarudi mbele. Nikaanzisha kile cha taratibu.