Jicho la Fundi Mageti

Mzee Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa ameugua moto wa macho mara nyingi hadi akajiona profesa wake. Ukichomelea bila kinyago, macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga. Unayabandika vipande vya kiazi kibichi, unajilaza, kesho kutwa umepona. Alishawatibu hivyo mafundi wa vijiji vitatu na, kwa maneno yake mwenyewe, jogoo mmoja.

Safari hii siku ya nne ilifika na jicho la kulia bado limegoma. Lilivimba, likatoa usaha. Mzee akawa anazunguka ua, anakaa, anasimama, anafungua geti la mteja na kulifunga bila sababu.

"Moto wa safari hii ni mkaidi tu," alisema.

"Moto gani unatoa usaha?" mkewe akamuuliza. "Muuguzi wa macho yuko zahanati leo. Akiondoka, mpaka mwezi ujao. Twende."

"Geti la watu je?"

Mkewe hakubishana. Alimziba jicho la kushoto, lile lisiloumwa, kwa kiganja, akainua mkono wa pili. "Nimeshika nini?"

Mzee akakodoa. Aliona ukungu mweupe, basi. "Mwiko," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeona.

"Mkono mtupu, baba watoto."

Kisha mzee akaanza kutafuta viatu, akavaa kimoja chake na kimoja cha mkewe, wakatoka mbio hivyo hivyo.

Walimkuta muuguzi akipakia maboksi garini. Alimmulika mzee jichoni, akakunja uso.

"Baba, huu si moto. Chembe ya chuma imenasa kwenye kioo cha jicho, na kidonda kimeingia wadudu. Ungekuja siku ile ile ningeitoa hapa hapa."

"Siku ile ungekuwa wapi?" mkewe akauliza.

Muuguzi akazima tochi. "Kweli, mama. Nisingekuwepo."

"Litaona?" mzee akauliza, taratibu.

"Hospitali wakilishughulikia leo, huenda. Kesho siahidi. Gari hili linaelekea huko, na nina nafasi moja."

Mzee akafungua mdomo kulitaja geti. Mkewe alishafungua mlango wa gari. Mzee akaingia, akakaa juu ya boksi la dawa, akasogezwa, akakaa tena. Muuguzi hata hajafunga buti la gari, mzee akamgonga dereva begani.

"Kijana, tunangoja nini?"