Tofali Kavu Halishiki

Mume wangu ni fundi mwashi, na maisha yake yote alikuwa hajawahi kuchemsha hata yai. Lakini tangu kiharusi kiulegeze mkono wangu wa kulia, ukawa haushiki hata kijiko, mpishi ni yeye. Jana alileta pakiti ya chakula cha Kimeksiko kilichogandishwa: kuku, maharage meusi, mahindi na pilipili hoho. Pakiti imeandikwa wazi kwamba kikitoka kwenye friza kiingie moja kwa moja kikaangoni. Yeye akakimwaga chote kwenye beseni la maji.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Tofali kavu halishiki, mke wangu. Lazima lilowe kwanza."

Nikameza hasira. Kikaangoni kikawa uji, naye akaanza kuusawazisha kwa mwiko, taratibu, kama anayepiga plasta. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Lete hapa! Unataka kutulisha ukuta?"

Nikampokonya mwiko, nikaanza kukoroga.

Alinyoosha mkono achukue sahani, kisha akaganda. Hakuwa akitazama chakula.

"Mama watoto," alisema polepole, "mwiko umeushika kwa mkono gani?"