Barua Iliyokatwa Nyuzi

Katika ofisi ya maji, barua za wananchi zilipimwa kwa mzani. Mzani wenyewe ulikaa kwenye kaunta, wa bluu, wa sahani moja, na karani wa mapokezi aliufuta vumbi kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Barua isiyofika nusu kilo haikupelekwa kwa meneja. Ilirudishwa kwa adabu, na mwenyewe akaambiwa aongeze uzito.

Shangazi alikuwa amerudishiwa kumi na moja. Alikuwa dobi, na tangu bomba la mtaa wao lifungwe alibeba ndoo kutoka mbali, mpaka magoti yakawa yanalia kama bawaba kavu. Barua zake aliandikiwa na mzee mmoja wa barazani waliyemwita Kalamu Tamu. Ya mwisho ilikuwa na kurasa kumi na nne. Karani alipoiweka kwenye mzani, iliinuka yenyewe ikagusa dari. Wakaishusha kwa ufagio.

"Nyepesi hii, mama," karani alisema.

Shangazi akaenda nayo nyumbani, akaifunga kwenye mguu wa meza isipeperuke, akamwita binti wa kaka yake. Binti huyo alifanya kazi kwa fundi cherehani: nguo ikishashonwa, yeye hukata nyuzi zilizobaki zikining'inia. Shule aliishia darasa la tano, na mbele za watu alikuwa mzito wa kufungua mdomo, lakini uzi usio na kazi haukumpita.

"Shangazi, hii 'taadhima' inafanya kazi gani hapa?"

"Inapendeza."

"Inabeba ndoo?"

"Ndoo nabeba mimi, mwanangu!"

"Basi tuitoe."

Akaitoa kwa mkasi wake mdogo. Barua ikashuka, ikatulia mezani.

Wakaendelea hivyo hivyo. "Tunakabiliwa na changamoto ya upatikanaji wa maji" ikaondoka nzima, ikaingia "nabeba maji kilomita mbili", meza ikalia kwaa. Walipofika kwenye "kwa muda mrefu", binti akauliza ni mrefu kiasi gani. Shangazi akahesabu kwa vidole. Wakaandika Machi mwaka juzi, na mguu mmoja wa meza ukazama sakafuni.

"Hapa Kalamu Tamu kasema bomba lilifungwa. Lilijifunga?"

"We! Walikuja wawili na spana. Nikawapa na viti, mjinga mimi."

"Walitumwa na nani?"

"Si ofisi?"

Binti akaandika "mlifunga". Barua wakaimalizia chini, kwa kuwa meza ilikuwa imevunjika. Ilibaki karatasi moja tu:

*Mlifunga bomba letu Machi mwaka juzi. Nabeba maji kilomita mbili. Magoti yameisha. Fungueni.*

Asubuhi waliipeleka kwa mkokoteni, wanaume wanne wakisukuma.

"Mama, umepakia saruji?" mmoja aliuliza, akitoka jasho.

"Barua."

"Aa," akasema, akabadilisha bega.

Mzani haukusema uzito wowote, ulilala bapa kama chapa ya pasi. Barua ikavunja na kaunta, ikatua sakafuni katikati ya mapokezi. Karani akapiga magoti akaigonga muhuri wa kupokelewa. Kwa kuwa haikubebeka kwenda kwa meneja, meneja akaja mwenyewe. Akachuchumaa, akaisoma mara mbili, akasafisha miwani, akaisoma tena.

"Imeandikwa vizuri sana," alisema. "Haina hata neno la kupunguza."

Binti akainamisha uso kwa haya. Meneja akainuka, akairuka, akaenda kwenye kikao.

Bomba halikufunguliwa. Kila Jumatatu Shangazi alipita kuulizia, na karani alimpokea kwa bashasha.

"Ipo, mama! Yako hakuna wa kuipoteza."

"Naiona, mwanangu. Meneja je?"

"Anaisoma kila siku. Anaisifu mpaka kwa wageni."

Mfagizi alijifunza kufagia kuizunguka. Mwezi ulipoisha, zulia la mapokezi lilikuwa limechakaa njia mbili kandokando ya barua, kushoto ya kuingilia, kulia ya kutokea. Meneja alizitumia zote mbili, asubuhi na jioni, bila kujikwaa.