Mashavu ya Kavindu

"…basi niambie, mtoto mgonjwa ananona hivi wapi, Mbinya, wapi?" mama yake anasema, na mkono wake hautoki kwenye fundo la leso, pale kiunoni, alipovifunga vidonge vya Kavindu tangu Jumapili, na leo ni Jumatano, na daktari alisema usikatize ghafla, usiruke hata siku moja, akarudia mara mbili kama mwalimu anayejua darasa halimsikilizi, "Mwaitu, mama yangu, hajanona, ni dawa inamvimbisha uso," Mbinya anajibu, lakini sauti inamtoka nyembamba, ile ile ya siku aliyosimama mbele ya mwalimu mkuu na tumbo la miezi mitano ndani ya sweta ya kidato cha pili, na nani atamwamini msichana ambaye hata biolojia hakuimaliza, waliishia kwenye damu, kwenye zile chembe nyeupe zinazolinda mwili, hakuna aliyewaambia kwamba zinaweza kumgeukia mwenyewe, zikala misuli ya mtoto wa miaka minne… "Kanisa zima liliona," mama anaendelea, "hata Mbula wa kwaya alimshika mashavu akasema, Nzilani, mjukuu wako amepona, na mimi nikasimama nikatoa ushuhuda, sasa unataka nirudi niwaambie nilidanganya?" kumbe ni hilo, ushuhuda, kumbe anachokishikilia pale kiunoni si vidonge, ni aibu, na aibu Mbinya anaijua, wiki iliyopita pale dukani kwa Sharmarke, mkewe Isnino alimwinua Kavindu kidevu, akazitazama kope zake zilizogeuka zambarau, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu anakunywa dawa gani, mama?" naye akasema ni aleji tu, akatoka mbio, akaacha sukari kwenye kaunta, na Isnino akaita nyuma yake, nitakuja kwenu, naye akaomba njia nzima asije… Kavindu yuko sakafuni, anataka kuinuka, anashika magoti, anashika mapaja, anajipanda mwenyewe kama mtu anayepanda mti, jana alifika juu, leo anarudi chini pu, wala halii, anacheka kwa yale mashavu, ya mviringo, yanang'aa, na hapo ndipo Mbinya anapoogopa kweli, maana hata yeye, wacha akubali, hata yeye aliyapenda, Jumapili aliliona fundo likifungwa akanyamaza, alitaka siku moja tu awe mama wa mtoto aliyepona, siku moja, ikazaa ya pili, kwa hivyo walioficha ni wawili… "Nipe, Mwaitu." "Sikupi! Mungu ameponya, wewe unataka kuharibu?" hodi, hodi hapa, na sauti hiyo anaijua, mama anamkonyeza asijibu, miguu ya Mbinya tayari inatafuta mlango wa nyuma, halafu inakataa, atakimbia hadi lini na mtoto asiyeweza kukimbia, anavuta komeo, fundo bado limekazwa, Kavindu bado yuko chini, na kizingitini Isnino amemshika mkono msichana mrefu mwenye kope za zambarau iliyofifia, "Nimewasikia nikiwa nje, Mama, unisamehe," anasema, "mashavu kama hayo hata mimi niliyafurahia, nikaficha vidonge. Huyu ni binti yangu, Leyla. Muulize alilala kitandani miezi mingapi."